Kuvuka Daraja la Golden Gate kwa Baiskeli: Jibu kwa Mwalimu Mstaafu wa Pasua

Swali: Mwalimu mstaafu wa Pasua, Moshi, mwenye umri wa miaka 63, anaandika kwamba mwezi wa Julai atakwenda San Francisco kumtembelea bintiye, na kwamba mjukuu wake wa miaka 10 amekwisha kumpangia ratiba: babu na mjukuu wavuke daraja la Golden Gate kwa baiskeli. Mwalimu aliendesha baiskeli ya Phoenix kwenda kazini kwa zaidi ya miaka 20, lakini huu ni mwaka wa tisa hajapanda. Anauliza kama jambo hilo linawezekana kwa mtu wa umri wake, kama kimo cha daraja na upepo wake ni vya kuogopwa, na akodi baiskeli ya aina gani.

Jibu:

Shikamoo Mwalimu. Nianze na lile linalokunyima usingizi: unaweza kuvuka, na mjukuu wako hakukosea kukuchagulia. Daraja lote, kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, lina urefu wa kilomita 2.7 hivi, na barabara yake hupanda kidogo tu kuelekea katikati kisha ikashuka upande wa pili. Mtu aliyekuwa akitoka Pasua kila asubuhi akiwa na daftari za darasa zima zimefungwa kwa mpira kwenye keria hawezi kushindwa na umbali huo. Wasiwasi wangu juu yako hautokani na umri wala na hiyo miaka tisa, kwa kuwa mwili hausahau baiskeli. Unatokana na hayo hayo ambayo mwili wako haujayasahau. Mikono yako inajua breki ya nyuma iko wapi, macho yako yanajua gari litatokea upande gani, na masikio yako yanajua la kufanya mtu akikupigia kengele kwa nyuma, na vyote vitatu, ukifika Marekani, vitakupa jibu lisilo sahihi kwa wepesi ule ule ambao huku umekuwa ukikuokoa.

Tuanze na mikono. Baiskeli zinazofuata desturi ya Uingereza, India na Japani, ambazo ndizo nyingi ninazozitengeneza hapa Arusha, hufungwa breki ya mbele mkono wa kulia na ya nyuma mkono wa kushoto. Marekani ni kinyume chake: mkono wa kushoto hushika gurudumu la mbele, na wa kulia hushika la nyuma. Ukibana breki ya mbele kwa nguvu, uzito wa mwili huhamia mbele, gurudumu la nyuma hubaki jepesi, na kama uko mteremkoni huinuka kabisa. Ndiyo maana sisi tuliofundishwa na kaka zetu tulionywa tangu utotoni kutanguliza mkono wa kushoto. Kule San Francisco, onyo hilo hilo jema ndilo litakalokutupa.

Mimi hilo nililijua kwa kichwa, na bado liliniangusha. Siku ya kwanza niliyovuka, nilikuwa nimekwisha kumaliza daraja salama na nikaanza kuuteremka mlima wa upande wa kaskazini kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi, mtalii mmoja aliyekuwa mbele yangu akasimama ghafla kutoa simu yake mfukoni. Nikabana mkono wa kushoto kama nilivyobana maisha yangu yote. Gurudumu la nyuma likanyanyuka, nikatoka kwenye kiti na kukalia bomba la juu, kidole gumba kikajipinda kwenye hendeli, na baiskeli ikanilalia ubavuni. Hakuna kilichovunjika isipokuwa heshima ya fundi baiskeli mbele ya watoto wawili waliokuwa wakipita na mama yao. Kidole kilivimba kwa siku nne.

Nguvu nayo huongeza hatari. Phoenix ina breki za vyuma virefu vinavyovuta vipande vya mpira hadi kwenye rimu, nawe utakumbuka kwamba mvua ikinyesha ilibidi ubane kwa vidole vyote huku ukimwomba Mungu. Baiskeli nyingi za kukodisha za siku hizi zina breki za diski, ile sahani ndogo ya chuma iliyo katikati ya gurudumu, nazo zinatosheka na kidole kimoja, mvua iwepo au isiwepo. Mkono uliozoea kukamua utaziona ni kali kupita kiasi. Kwa hiyo kabla hujatoka dukani fanya hivi: simama kando ya baiskeli, isukume polepole ukitembea nayo, kisha bana mkono wa kushoto peke yake. Utaona mwenyewe gurudumu la nyuma likitaka kuinuka. Rudia mara tano au sita mpaka mkono uamini, halafu uifunge hendeli ya kushoto kitambaa au uzi wa rangi kali utakaokukumbusha kila ukiutazama. Huo uzi utaonekana ni mambo ya kitoto, lakini tangu siku ile siendeshi baiskeli ya kigeni bila kuufunga.

Macho na masikio nitayapitia kwa ufupi zaidi. Kule magari na baiskeli hupita kulia, kwa hiyo kila unapotaka kukata barabara, gari la kwanza litakalokufikia litatoka kushoto kwako, na ndiko unakotakiwa kutazama kwanza. Bahati yako ni kwamba sehemu kubwa ya njia unayoiendea imetengwa na magari, hivyo tatizo hilo ni la dakika za mwanzo na za mwisho tu. La masikio litakufuata hadi juu ya daraja. Mwendeshaji anayetaka kukupita hupiga kengele au husema kwa Kiingereza kwamba anapita kushoto kwako. Mgeni akisikia neno kushoto, mwili wake huenda kushoto, yaani anamwingilia yule yule anayejaribu kumkwepa. Ukisikia sauti yoyote nyuma yako, baki kulia, usigeuze shingo, endelea na mwendo wako ule ule, naye atapita.

Sasa njia yenyewe. Wageni wengi hukodi baiskeli karibu na Fisherman's Wharf, bandari ya zamani ya wavuvi, na kutoka hapo hadi mji mdogo wa Sausalito, ng'ambo ya pili ya daraja, ni kama kilomita 13. Mwanzoni kuna kilima kifupi kikali cha Fort Mason, kisha njia inatelemka na kutandazika kando ya maji kupita Marina na Crissy Field, uwanja wa zamani wa ndege za jeshi ambao leo ni nyasi na ufukwe. Hapo ndipo mahali pako pa kujipima. Ni tambarare, pana, magari hayaingii, na daraja liko mbele yako wakati wote likizidi kukua. Ukihisi mikono haijatulia, zunguka hapo hata saa nzima, hakuna anayekudai. Mwisho wa ufukwe, chini kabisa ya daraja, iko Fort Point, ngome ya matofali iliyojengwa kati ya mwaka 1853 na 1861, na wajenzi wa daraja waliinusuru kwa kuirushia tao zima la chuma juu yake badala ya kuibomoa. Njia ya kuifikia haiendelei popote, lakini ingia uitazame, kwa sababu ukiwa pale chini utauona ukubwa wa kazi ambao ukiwa juu hauonekani.

Kutoka ufukweni hadi usawa wa barabara ya daraja kuna mwinuko, na huu ndio mlima wako wa kweli wa siku hiyo. Shuka usukume. Nasema hivi kwa sababu nawajua walimu: mnaona aibu kusukuma baiskeli mbele ya mtoto. Mjukuu wako naye atachoka, na atakushukuru kimoyomoyo kwa kuwa wa kwanza kushuka. Kama magoti yako yana historia, kuna njia nyingine: basi la mjini namba 28 lina kituo pale pale upande wa kusini wa daraja, na mabasi ya mji ule hubeba baiskeli kwenye kishikio kilichofungwa mbele.

Ukifika juu, utaona kwamba daraja lina njia mbili za pembeni: ya mashariki, inayotazama mji na ghuba, na ya magharibi, inayotazama bahari kuu ya Pasifiki. Utaratibu wa miaka mingi umekuwa kwamba mwishoni mwa juma na kuanzia saa tisa na nusu alasiri siku za kazi, baiskeli hupita magharibi peke yake, na saa za kazi, wakati mafundi wa daraja wanapoitumia njia ya magharibi kwa vifaa vyao, baiskeli huchanganyika na waendao kwa miguu upande wa mashariki. Ratiba hiyo hubadilika kazi za ukarabati zinapodai, kwa hiyo ubao uliopo mlangoni siku hiyo ndio wenye neno la mwisho, si mimi wala simu ya mjukuu. Waendeshaji wenyeji watakushauri uende Jumamosi ili uwe na njia ya baiskeli peke yake. Mimi nakushauri kinyume. Jumamosi njia ya magharibi hujaa wale waendeshaji wa mazoezi wenye nguo za kubana, wanaokimbia kama wana mashindano na saa zao, na kwako wewe na mtoto wa miaka 10 hao ni hatari kuliko akina mama wanaotembea na watoto. Mwombe binti yako siku moja ya katikati ya wiki, muwe darajani kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, mwende kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Mkipewa njia ya mashariki mtauona pia mji, kisiwa cha Alcatraz chenye gereza la zamani, na boti zikipita chini ya miguu yenu. Hakuna malipo: ushuru hulipwa na magari tu, tena yanayoelekea kusini.

Upepo ndio sababu nyingine ya kwenda asubuhi, na hapa naomba nikae kidogo, kwa kuwa uliuliza kwa wasiwasi. Golden Gate lilikuwa jina la mlango-bahari karibu karne nzima kabla ya kuwa jina la daraja; mpelelezi wa Kimarekani John C. Frémont aliuita hivyo mwaka 1846. Mlango huo ndio upenyo mkubwa katika safu ya vilima inayoitenga bahari na mabonde ya bara. Majira ya joto, jua linapoyachoma yale mabonde, hewa yake hupanda, na hewa baridi ya baharini hunyonywa kupitia upenyo huo kuziba pengo. Kadiri mchana unavyoendelea ndivyo mnyonyo unavyozidi, hivyo alasiri ya Julai juu ya daraja ni kali kuliko asubuhi yake. Na kwa kuwa maji ya bahari ile ni baridi sana, hewa hiyo huja na ukungu mzito unaoweza kuyameza magari yote usibakishiwe ila vichwa viwili vya minara vikielea juu, huku ving'ora vya ukungu vikilia chini ya daraja kuziongoza meli. Wewe unaujua upepo wa uwanda ule wa kati ya Boma Ng'ombe na uwanja wa ndege wa KIA, ule unaopeperusha vumbi hadi ndani ya basi. Huu hauna vumbi, lakini una baridi ya Machame ya mwezi wa saba, na unakupiga ubavuni.

Upepo wa ubavuni hauhitaji ushindane nao. Lainisha viwiko, shika hendeli bila kuikaba, teremsha gia ili miguu izunguke kwa wepesi, na iache baiskeli iinamie kidogo upande unakotoka upepo. Anayekaza mikono ndiye anayeyumba. Ukiona unayumba hata hivyo, shuka utembee. Njia ile ni ya miguu pia, na mtu anayesukuma baiskeli juu ya Golden Gate hashangazi yeyote. Kuhusu daraja lenyewe ondoa hofu: tangu lifunguliwe mwaka 1937 limefungwa kwa ajili ya upepo mara tatu tu, mwaka 1951, 1982 na 1983. Mwaka 2020 palitokea jambo ambalo mjukuu wako atalipenda. Vyuma vya ukingo wa magharibi vilibadilishwa vikawekwa vyembamba zaidi ili upepo mkali upite bila kulisukuma daraja, na mwaka huo upepo ulipovuma kutoka baharini kwa nguvu, daraja lililia kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Watu wa mjini waliusikia mlio huo hadi majumbani mwao.

Mahali pawili tu ndipo ninapokutaka ushuke kwenye kiti hata kama unajisikia vizuri, napo ni kwenye minara. Kila mnara una kimo cha mita 227 kutoka majini, na njia ya pembeni haipiti katikati yake bali inauzunguka kwa nje, kwa kona ambazo huwezi kuona nani anakuja. Upepo nao hukatwa na mnara ukajikusanya pembeni, hivyo unatoka kwenye utulivu wa ghafla na kuingia kwenye kofi la ghafla. Karibu kila mgongano nilioushuhudia pale ulitokea kwenye hizo kona.

Kimo, sasa. Umepita Kikafu mara nyingi ukielekea Arusha, na pengine wewe pia huwa huchungulii dirishani basi linaposhuka lile bonde. Barabara ya Golden Gate iko juu ya maji kwa mita 67 hivi. Ukingo wa nje una mita 1.2, kiasi cha kumfika kifuani mtu aliyesimama, lakini ukiwa umepanda baiskeli kiti kinakuinua, na ukingo huo huo unauona umeshuka hadi nyongani. Hisia hiyo huwapata hata wasioogopa vimo. Dawa yake ni kutazama mbele, umbali wa baiskeli tano au sita, na kuacha utazamaji wa mji kwa wakati mliosimama. Ukichungulia chini utaona wavu wa chuma umetandazwa urefu wote wa daraja. Ulikamilika mwaka 2024, nao uliwekwa kuokoa watu waliofika pale wakiwa wamekata tamaa ya maisha. Mjukuu akikuuliza, utajua mwenyewe namna ya kumjibu. Unaweza pia kumweleza kwamba wakati wa ujenzi palikuwa na wavu mwingine, wa kamba, uliowadaka wafanyakazi 19, na kwamba hata hivyo jukwaa zima liliuchana tarehe 17 Februari 1937 na kuua watu 10, daraja likiwa limebakiza miezi mitatu kufunguliwa.

Mkiwa katikati mtahisi chuma kikitetemeka basi kubwa likipita. Usishtuke, daraja linaloning'inia ambalo halitikisiki ndilo la kuogopwa. Hili lilisanifiwa liweze kusogea kwa upande zaidi ya mita 8 katikati yake. Mwaka 1987, siku ya kuadhimisha miaka 50, watu wapatao 300,000 walijazana juu yake kwa pamoja, hata ule mgongo wa katikati ukanyooka ukawa bapa, na jioni ukarudi ulivyokuwa. Kabla hamjaanza kuvuka, tafuteni kwenye uwanja wa upande wa kusini kipande cha kamba kuu ya daraja kilichokatwa na kuwekwa hadharani. Ni pande la upana wa sentimita 92, na uso wake umejaa vichwa vya nyaya nyembamba kama kalamu ya risasi, zaidi ya 27,000 zilizobanwa pamoja. Mwambie mtoto aweke kiganja chake juu yake kisha ainue macho aitazame kamba yenyewe inavyopanda mnarani. Mimi nilitumia robo saa pale, na waliokuwa nami wakanilalamikia.

Atakuuliza pia kwa nini daraja la dhahabu ni jekundu. Rangi hiyo ni ya machungwa yaliyoiva sana, na ilitokana na rangi ya msingi ya kuzuia kutu ambayo vyuma vilikuja nayo kutoka kiwandani. Msanifu Irving Morrow aliipenda akaitetea, ilhali jeshi la majini la Marekani lilitaka mistari ya nyeusi na njano ili meli zilione vizuri. Hebu fikiria.

Ng'ambo ya kaskazini kuna uwanja wa kupumzikia na kutazama mji. Amueni hapo. Kama mmechoka, geuzeni. Mmekwisha kuvuka na hakuna cheti kinachodai zaidi. Kama mna nguvu, msirudi kwa njia mliyoijia, bali teremkeni Sausalito mkarudi mjini kwa feri. Waendeshaji wengi hufuata barabara ya Alexander, yenye magari na mteremko, na ndiyo iliyoniadhibu mimi. Ipo njia nyingine ambayo mgeni haoneshwi mara nyingi: kutoka upande wa magharibi wa daraja, barabara ya Conzelman inashuka, inapita chini ya daraja lenyewe na kutokea Fort Baker, kambi ya zamani ya jeshi iliyo kwenye kijighuba kitulivu, kisha barabara ya East Road inakuunganisha na Sausalito. Ina mteremko mkali mwanzoni, na pale mtashuka na kutembea, lakini magari ni machache, na mtalitazama daraja kwa chini kutoka upande ambao picha za kuuzwa hazipigwi.

Feri kutoka Sausalito huchukua kama nusu saa na kukushusha kwenye jengo la feri mjini, na baiskeli hupandishwa kwa kufuata aliyetangulia. Julai, mchana, foleni ya baiskeli huwa ndefu, na boti ikijaa inaondoka, mnangoja nyingine. Fikeni kabla ya saa saba mchana, na mjue tangu asubuhi boti ya mwisho ya siku hiyo inaondoka saa ngapi. Mkisimama kula, fungeni baiskeli zote mbili kwa kufuli hata kama ni dakika tano. Mji ule una wezi wa baiskeli wenye ustadi wa kusikitisha.

Kuhusu baiskeli ya kukodi, omba yenye hendeli inayokuweka wima, gia zisizopungua saba, na kiti utakachokaa huku vidole vya miguu vikigusa chini. Vijana wa dukani watataka kukipandisha zaidi, na kwa mwendeshaji wa kila siku wana haki, lakini wewe utakuwa unashuka na kupanda mara nyingi, na mguu unaofika chini haraka una thamani kuliko pedeli inayozunguka vizuri. Watakupigia debe la baiskeli ya umeme. Inasaidia kweli kwenye milima, lakini ni nzito, na huruka mbele ukikanyaga pedeli wakati hujajiandaa. Sikushauri uianze siku hiyo hiyo unayojifunza breki mpya. Mjukuu lazima avae kofia ngumu, kwa kuwa sheria ya California inamlazimisha kila aliye chini ya miaka 18, nawe uvae ili asikuulize kwa nini. Usiweke spika za masikioni, maana sheria ya jimbo hilo inakataza kuziba masikio yote mawili ukiendesha. Mtoto asikae kwenye bomba wala kwenye keria kama tulivyobebwa sisi. Awe na baiskeli yake, atangulie, nawe umfuate nyuma kwa upande wa kushoto kidogo. Vaa koti jepesi la kuzuia upepo juu ya sweta, glavu kama unazo, na mguu wa kulia wa suruali uuingize ndani ya soksi kama zamani.

Lililobaki ni la hapa nyumbani, na lina faida kuliko yote niliyoyasema. Tafuta au azima baiskeli yenye gia na breki za waya. Phoenix haitafaa, kwa sababu vyuma vyake haviwezi kuhamishwa. Mpelekee fundi yeyote pale Pasua umwambie ahamishe waya za breki, wa mbele uende mkono wa kushoto na wa nyuma uende mkono wa kulia. Ni kazi ya muda mfupi, ingawa atakuuliza mara mbili kama una hakika. Kisha uiendeshe asubuhi mapema mara tatu kwa wiki kwenye barabara ya kuelekea kiwanda cha sukari cha TPC, kabla magari ya miwa hayajaanza, ukianza na kilomita 3 na kuongeza mpaka ufike 15 bila kuhema, na kila unapotaka kupunguza mwendo utaje kwa sauti mkono unaoubana kabla ya kuubana. Usimwazime mtu mwingine baiskeli hiyo hata kwa kwenda dukani. Na utakaporudi kutoka Marekani, kabla hujaipanda kwenda Mbuyuni kununua ndizi, mrudishie fundi azirudishe waya mahali pake, ili mikono yako, ambayo wakati huo itakuwa imezoea ya kule, ijifunze tena ya hapa.